Mama wa Kiluwiluwi

Sogeeni karibu, na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna polepole, maana hadithi hii ina msiba ndani yake.

Chini ya gati bovu la Pangani, pale mto unapomwaga maji yake baharini, waliishi ndugu watatu wa kike, mama mmoja, baba mbalimbali. Hawakuwa watu. Walikuwa virushamaji, wale viumbe laini kama vifuko, wanaokunywa maji kwa mdomo mmoja na kuyatema kwa mwingine. Ukimkanyaga mmoja atakurushia maji usoni, nawe utadhani umetukanwa. Usimdharau. Wataalamu wa jeni humfuga kwenye mitungi ya kioo na kumkagua kama mkwe mtarajiwa, kwa sababu utotoni huwa na mkia, na ndani ya mkia mna ugwe kama ule uliokuwa mgongoni mwako ulipokuwa tumboni mwa mamako. Kaa na pweza ni majirani zetu tu. Huyu ni ndugu.

Sikudhani, mkubwa wao, alijaliwa kushika. Akishaganda mahali, hata kisu kingeomba radhi. Mize, wa katikati, alijaliwa kunywa. Alichuja maji mchana kutwa, akanenepa, akajaa mayai, na kila yai alilipa jina kabla halijaanguliwa. Mboni, kitindamimba, alikuwa mwembamba hadi aibu. Kushika hajui, kunywa hajui, lakini mbegu zake za uzazi, zile zinazokua kuwa mayai, zilikuwa na nguvu za ajabu. Zilitembea ndani ya damu kama wageni wanaojua tayari chumba cha kulala kiko wapi.

Sasa, virushamaji wana desturi. Majirani wakigusana hupigiana hodi ngozi kwa ngozi, kila mmoja akitafuta kwa mwenzake chapa ya ukoo waliyoirithi. Chapa zikifanana, hufunguliana mishipa wakawa mwili mmoja, damu moja. Zisipofanana, huunguzana pale mpakani.

Masika yale mto ulifurika. Maji matamu yenye tope yakaingia chini ya gati, na kwa virushamaji maji matamu ni sumu. Ukoo mzima ukaanza kudondoka. Mboni, yu taabani, akagusa ubavu wa Mize.

"Dada, nifungulie."

"Umekuja na nini?"

"Na njaa."

"Hiyo ninayo yangu," alisema Mize. Lakini chapa ilikuwa moja, akafungua.

Upande wa pili Sikudhani naye akafungua bila kuombwa. Mkondo ulipokuja kubandua magome ya nguzo, yeye ndiye aliyewashika wote. Nusu ya mwili wake ilichanika, hakuachia. Alinung'unika tu kwamba kama angejua, angemshauri Mize apunguze kula.

Mize naye akanywa tope kwa niaba ya watatu. Alikunywa maji ambayo mwenye akili angeyatema, akachuja humo punje ya chakula, akaisukuma kwenye damu ya wote. Vifuko vidogo vya mwili wake vikaoza kimoja kimoja. Alijiliwaza kwa kuyaita mayai yake majina, hadi siku moja alipoita, asione sura aliyoijua. Mayai yake yalikuwa yameyeyuka. Palepale, tumboni mwake, yalikaa mayai ya Mboni.

Aliuliza kwa sauti ya chini wanawe wako wapi.

"Sikuzituma, dada," alisema Mboni. "Mbegu zangu hufuata damu. Ulifungua mlango, zikaingia."

"Nilimfungulia mwenye njaa."

"Zako zilishindwa na maji haya. Bila zangu, tumbo lako lingekuwa kaburi."

Labda ni kweli. Labda zilikuwa zimeliwa na zile za mgeni. Mize hakujua, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Mafuriko yalipopungua, mwili ule ulikatika tena vipande vitatu, kila dada upande wake wa nguzo. Wengine wote walikuwa wamekufa. Katika mayai yote likaanguliwa moja tu, akatoka kiluwiluwi mwenye mkia.

Kiluwiluwi huganda ubavuni mwa mama yake, ili mto ukifurika tena, mama awe na wa kumpigia hodi. Lakini hapa walikuwa watatu, kila mmoja akijiita mama, na wawili watakaomkosa watapiga hodi kwenye mti mtupu. Na akishaganda, mwili wake huula ule mkia. Hapo haondoki tena.

Sikudhani alimwambia kwamba yeye asingeshika, wote wangesombwa, na pasingekuwa na mtoto wa kuizunguka nguzo. Mboni alisema mtoto ajitazame tu, sura yote ni yake.

Mize alizungumza wa mwisho.

"Nilikulisha," alisema, "nikijua hukuwa wangu."

Kiluwiluwi alizunguka nguzo, akazunguka tena, mkia ukianza kufupika. Hakuna aliyemsaidia. Nanyi mliokaa hapa, kila mmoja na mama yake: mtoto yule amechoka, maji yanapanda.

Je, wewe ungemwambia agande kwa nani?