Kwa Nini Mfereji wa Ighembe Hunyamaza Kwenye Kona

Zamani maji ya Ighembe hayakuijua njia ya kuja kwetu. Yalitoka kwenye chemchemi juu mlimani, yakateremkia upande wa pili ambako hapakuwa na wakazi isipokuwa nyani. Wanawake wa huku chini walipanda mlima na vibuyu mgongoni, na mvua zilipokatika mapema, maharage yalikauka yakiwa bado na maua.

Mwaka mmoja mvua zilikatika hivyo hivyo. Ghala zilikuwa tupu tangu msimu uliotangulia, na kila mtu alijua kwamba maua yale yakianguka, watoto watalala njaa. Ndipo pembe ya msaragambo ikapulizwa, kuita ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Mzee Sengondo, aliyekuwa akijua kusoma mteremko kwa macho tu, akawagawa watu makundi mawili. Kundi moja lilichimba kutoka kwenye chemchemi likishuka, lingine kutoka mashambani likipanda, ili wakutane katikati.

Katikati palikuwa na nyumba ya Nakiete. Mfereji ungepita nyuma yake, chini kabisa ya ukuta, na yeye mwenyewe alikuwa ameridhia. Alikuwa hata akiwapelekea wachimbaji uji, tumbo lake likiwa limemtangulia. Walipima mteremko, wakapima mawe, wakasahau kupima mimba. Makundi yalipokaribiana kiasi cha kutaniana, waliona jani bichi la mgomba limefungwa mlangoni kwa Nakiete. Alikuwa amejifungua alfajiri.

Wote waliijua maana ya jani lile. Nyumba yenye mzazi haipigiwi jembe karibu. Ardhi haitikiswi wala mawe hayavunjwi mpaka mama amalize siku zake za kukaa ndani, kwa sababu usingizi wa mtoto mchanga ni mali ya kijiji kizima. Lakini maharage nayo yalikuwa na siku zake, tena chache kuliko za mzazi.

Wachimbaji wakaweka majembe chini, wakaanza kubishana kwa kunong'ona. Wengine walitaka kuzunguka kile kilima kidogo kilichobeba nyumba. Kalage, kijana mwenye nguvu kuliko wote na ulimi usiolala, alisema huko ni tambarare mno, maji yatasimama kama ng'ombe aliyechoka, na kazi yote itakuwa bure. Shamba la mama yake lilikuwa la mwisho kule chini, kwa hiyo hakusema kwa ubaya.

"Maji hayana adabu, Mzee Sengondo," alisema. "Hayamjui mzazi wala bibi harusi."

"Ndiyo maana yanachimbiwa njia na wenye adabu," Sengondo akamjibu.

Ukuta ule ulikuwa wa udongo, na Nakiete alisikia kila neno. Akamwita Bibi Nanzia, mkunga aliyekuwa akimkanda. "Bibi, waambie wapite," alisema. "Nitamfunika mtoto niende kwa mama. Siwezi kulala hapa huku maua ya wenzangu yanaanguka."

Bibi Nanzia alitoka akayarudia maneno hayo jinsi yalivyosemwa. Kalage ndiye aliyeinama kwanza, akaokota kapu badala ya jembe. Sengondo akavua kofia yake.

"Mwambie mwanangu alale," alisema. "Tunazunguka."

Wakazunguka, na wakazunguka bila jembe. Walichimbua udongo kwa vijiti na kwa mikono. Mawe waliyang'oa taratibu, wakayabeba kifuani kama watu wanaobeba watoto. Wanawake walipanda na udongo wa mfinyanzi kwenye makapu, wakaukanyaga kwa miguu mitupu mpaka kingo zikawa laini kama chungu. Aliyetaka kukohoa aliteremka kwanza. Kucha zilikatika, na hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Asubuhi ya kufungua maji, kijiji kizima kilijipanga kando ya mfereji. Maji yalishuka kwa kelele kutoka juu, yakifukuza majani makavu mbele yake. Yalipofika kwenye kona yakapunguza mwendo. Yakasimama. Watu wakamtazama Kalage, na Kalage akatazama miguu yake. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika ukingoni kabisa, na mfinyanzi ukashika. Kisha yakaanza kusogea, polepole, bila sauti, yakaizunguka nyumba ya Nakiete yote kama mtu anayepita kwa vidole vya miguu. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliyafuata kimya, mikono midomoni, na machozi yakiwatoka wengi, mpaka yalipoipita nyumba na kuteremka.

Hapo vigelegele vikapasuka. Wakakimbia pamoja na maji, wazee kwa watoto, mpaka shamba la mwisho la mama yake Kalage, na maharage yakanywa. Nakiete alivisikia vigelegele vile kwa mbali akajua. Mtoto hakushtuka.

Kibuyu cha kwanza cha maji yale alikileta Kalage mwenyewe, akampa Bibi Nanzia mlangoni. "Mwogesheni huyo mkubwa wetu," alisema, "ametutoa jasho kabla hajaota jino."

Na tangu asubuhi hiyo mfereji wa Ighembe hushuka ukipiga kelele, hunyamaza kwenye kona, kisha huendelea na kelele zake. Mwenye jembe begani hulishusha anapopita hapo. Na zamu za maji zinapogawanywa, hata kiangazi kiwe kikali namna gani, nyumba yenye jani mlangoni huwa ya kwanza. Msimu huu jani lilikuwa mlangoni kwangu. Nilikuwa nimelala na mwanangu kifuani niliposikia maji yakiingia kwenye maharage yangu, kabla hayajaingia kwa mwenyekiti wa kijiji.