Kaniki ya Aliyewaliza Watu

Tulieni, mlioketi mbele na mliobanana mlangoni, maana nimewaletea watu watatu na nguo moja tu, na mimi peke yangu nimeshindwa kuwagawia.

Wa kwanza ni Namsifu, binti aliyemaliza kidato cha nne akiwa na mimba, na uso wake haukujua kuficha kitu. Akiogopa, hata mpita njia anajua.

Wa pili ni Bi Mwantumu, mwenye sauti ambayo akimwita mtu sokoni Korogwe, wanageuka hata wasioitwa.

Wa tatu ni Mbelwa, kijana aliyekaa na kompyuta yake kwenye kona ya saluni ya kaka yake, na kipaji chake ni kujua mahali pa kukata. Kukata picha, si nywele.

Wote walikuwa wa kikundi kimoja cha maigizo, na kikundi kilikuwa na tamthilia ya zamani, ya mama aliyesikia mlango unagongwa wakati wa vita, akadhani ni adui, akatia komeo, na alipofungua asubuhi akamkuta mwanawe mwenyewe kizingitini, amekwisha kufa. Miaka yote Bi Mwantumu ndiye aliyekuwa mama huyo, amejifunga kaniki, ile nguo nyeusi. Na desturi yao ilikuwa hii: anayewaliza watu ndiye mwenye kaniki, na mwenye kaniki ndiye anayeishi bure katika chumba kilicho nyuma ya ukumbi.

Basi kiongozi wao, Mwalimu Semboja, akasema tuigeuze filamu, vijana hawaji tena ukumbini. Wakapiga kipande cha majaribio, wakawaonyesha vijana. Bi Mwantumu akarusha mikono, akapiga ukelele kama alivyozoea, ule wa kumfikia mtu wa benchi la nyuma kabisa. Kwenye kioo, kwa karibu vile, vijana wakacheka.

"Bibi anafukuza kuku?" mmoja akauliza.

Bi Mwantumu akaivua kaniki, akaikunja taratibu. "Mtafuteni mwenye uso wa kutazamwa kwa karibu," akasema.

Akaitwa Namsifu, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu Namsifu alikuwa analala kwenye stoo ya shangazi yake, kati ya magunia ya mkaa, na mwanawe mchanga Nakijwa alikuwa anakohoa, na shangazi alikwisha kumwambia, "Mwanangu, mwezi ukiisha utafute pa kwenda," na kila alipokiwaza kile chumba cha nyuma ya ukumbi, kina dirisha, kina hewa, alimsogeza mtoto karibu na ufa wa mlango.

Wakamweka nyuma ya mlango. "Usifungue mpaka niseme," Mwalimu akamwambia. Nakijwa akabaki nje, mgongoni kwa Bi Mwantumu. Kamera ikaanza. Huko nje mtoto akalia, akakohoa, kisha kimya, kimya kabisa, na Namsifu akasahau filamu, akasahau vita, akasahau alichoambiwa, akavuta komeo, akafungua. Nakijwa alikuwa amelala tu, mdomo wazi, amemlowesha bibi mgongo kwa udenda. Namsifu akacheka huku machozi yanamtoka. "Asante bibi, jamani, nilidhani, asante, nilidhani..."

"Nani kakwambia ufungue?" Mwalimu akafoka. Lakini kamera ilikuwa haijazimwa.

Ikabaki sauti. Maneno ya yule mama, Namsifu akiyasema, yalitoka mbio yakagongana. Bi Mwantumu akaketishwa mbele ya kipaza sauti, akaambiwa aseme polepole, kwa chini.

"Maisha yangu yote naambiwa nipaze," akaguna, "leo ninong'one."

Akanong'ona, kama mtu anayemsemesha mtoto asimwamshe. Fundi wa sauti akageukia ukutani, akafuta macho.

Ikabaki kukata. Mbelwa aliutazama uso ule ulioogopa kisha ukacheka, mashine za nywele zinavuma pembeni yake, akakata palepale ambapo hofu imejaa na shukrani haijafika. Maiti ya kizingitini hakuionyesha kabisa. Akaacha mlango wazi, mwanga, na ule mnong'ono. Mteja aliyekuwa anasukwa akasema, "Hebu rudisha hapo," kisha akaomba leso.

Siku ya kuonyesha, vijana walewale walijaa ukumbini. Aliyeuliza habari za kuku alijifunika uso kwa kofia.

Mwalimu Semboja akasimama na kaniki mkononi. "Nani kawaliza?"

"Uso ndio uliowaliza," akasema Bi Mwantumu. "Ila nikihama hapa naenda Mombo kwa binti yangu, kutazama televisheni ya watu." Akacheka peke yake.

"Bila sauti yako, bibi, pangekuwa na mtu kafungua mlango tu," akasema Mbelwa. "Ila kweli, mimi nalala kwenye benchi la saluni. Na nisingekata, mngemwona mama anacheka."

"Na mimi sikuigiza," akasema Namsifu. "Niliogopa tu. Nilifungua kabla ya kuambiwa."

Alitaka kusema nipeni, na neno lilikuwa tayari mdomoni, na Nakijwa alikuwa anakohoa begani, lakini kilichotoka kilikuwa kingine. "Bibi, asante, mwanangu alilala mgongoni kwako. Na wewe Mbelwa, kile kicheko changu ulichokiondoa, ulikitupa?"

"Sikukitupa," akasema Mbelwa. "Nimekuwekea."

Mwalimu akaitazama kaniki. Ukiipasua vipande vitatu haimtoshi mtu kiunoni, na chumba ni kidogo, kitanda kimoja.

Naye akafanya ninavyofanya mimi sasa, akawageukia waliokaa. Uso ulioogopa kweli, sauti iliyokubali kushuka, au mkono uliojua pa kuishia: ninyi mliosikiliza, kaniki hii mngemfunga nani?