Kwa Nini Mshale Huvaa Manyoya ya Bawa Moja

Kuna wakati mshale ulitembea uchi. Ulikuwa wano, yaani mti wake, na chembe ya chuma mbele, basi, na ukishauacha upinde ulikwenda unakotaka wenyewe. Mtu alilenga swala akapiga kichuguu. Alilenga kichuguu akapiga kibuyu cha jirani. Watu wa siku hizo walikula mboga nyingi sana, na kila walipohadithia mawindo yao, mhusika mkuu alikuwa upepo.

Katika siku hizo, Mbogo mmoja mzee alihamia kwenye chemchemi ya kijiji cha Kithunzi. Hapakuwa na chemchemi nyingine. Asubuhi alilala ndani ya maji, mchana akayakoroga, jioni akayakojolea. Wanaume walimtupia mishale mwezi mzima. Mingine ilipita juu yake, mingine kando, na mmoja, wanasema, uligeuka ukarudi. Mbogo aliichukulia kama manyunyu. Mwishowe wazee wakakata shauri: mwezi ujao ukiandama, kijiji kizima kihamie ng'ambo ya milima, mwendo wa siku nne.

Shauri hilo lilimkaa kooni mtu mmoja, Syokau, aliyekuwa mchonga mishale wa kijiji. Naam, mwanamke. Ile kanuni ya kwamba mwanamke asiguse mshale ilikuja baadaye sana, na walioitunga hawakuwahi kuchonga hata mmoja. Syokau alikuwa na mama yake, Mbulwa, ambaye magoti yalikuwa yamemsusa miaka mitatu sasa, na njia ya milimani ilikuwa ukingo mwembamba wa jabali usiopitisha machela. Kila mtu alilijua hilo. Kila mtu alisema, "Tutaona."

Mbulwa hakuwa mtu wa tutaona.

"Nimehama mara tatu katika maisha yangu," alisema, huku akisokota kamba ya kiondo pajani, "na mara zote tatu ni kwa sababu ya wanaume wasiojua kulenga. Ya nne nimekataa. Niachieni kibuyu cha maji."

"Maji yapi, mama?"

"Basi niachieni kibuyu."

Syokau alicheka, kisha akatoka nje ili asionekane anafanya nini baada ya kucheka.

Habari ya kuhama ikamfikia Kenge. Huyu alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kusema, ili watu wajue kwamba neno zito liko njiani. Alikuja barazani akakohoa, akatandaza chini ngozi yake aliyoivua, ngumu, inayong'aa kama kitu kilichopakwa mafuta jana.

"Mshale wenu hauna mabawa," alisema. "Uwekeeni haya. Ngozi yangu hailowi, hainyauki, hailiwi na mende. Sidai kitu. Nionyesheni tu viota vya Kanga vilipo, nijipatie yai moja moja."

Mbaluka, mkuu wa wapiga upinde, alipenda chochote kinachong'aa. Aliishika ngozi, akaigeuza juani, akasema kwamba yeye tangu zamani alikuwa na wazo hilohilo. Syokau akakata vipande vitatu, akavibandika kwa ulimbo nyuma ya wano. Mshale ulipendeza, hilo hata yeye alikiri. Mbaluka akavuta upote, ile kamba ya upinde, kijiji kikatazama, akaachia.

Sasa, mshale ukitoka hupita juu ya ngumi, ubavuni mwa mti wa upinde. Kitu kigumu kikikutana na kitu kigumu, kimoja lazima kimpishe mwenzake, na hakuna kilichopisha. Bawa la Kenge liligonga upinde, likamchana Mbaluka vifundo vya vidole, na mshale ukaruka kando ukatoboa chungu cha uji wa mkewe.

"Mkono wako ndio mbovu," Kenge alisema.

"Na uji?" akauliza mke wa Mbaluka. "Nao ni mbovu?"

Walijaribu tena mara sita. Siku ya pili Mbaluka alikuwa amefungwa kitambaa mkono mzima, na bado alisema kwamba tatizo ni dogo.

Jioni hiyo Kanga akaja kwa Syokau. Alikuwa na mayai kumi na mawili chini ya kichaka, na habari za mapatano ya viota zilikuwa zimemfikia. "Dada Syokau, mimi sina maneno mengi," alianza, akazungumza mpaka chungu cha kunde kikaiva na kuliwa. Maneno yake, ukiyapepeta, yalibaki machache: unyoya unajua kuinama. Ukikutana na mkono unalala, ukishapita unasimama. "Manyoya yangu okoteni, viota vyangu msimwonyeshe mtu. Hebu pitisha mwenyewe," akasema, akamtupia mmoja ulioanguka.

Syokau akakubali, akaupitisha juu ya ngumi yake. Ulilala, ukasimama. Asubuhi alikwenda chini ya mti anaolala Kanga, akaokota manyoya ya mabawa fungu zima.

Lakini lazima mfahamu watu wa Kithunzi. Hawa hawakuweza kufanya jambo bila kuridhisha pande mbili. Nyama waligawa kulia na kushoto. Harusi walikaa ukoo huku na ukoo huku. Hata mtu akipiga chafya alitazama pande zote. Kupendelea upande mmoja kulikuwa aibu. Kwa hiyo Syokau, mtoto aliyelelewa vizuri, alichukua unyoya mmoja wa bawa la kulia, mmoja wa kushoto, na mahali pa wa tatu akabandika nusu ya unyoya wa kulia na nusu ya unyoya wa kushoto, pasiwe na lawama.

Mshale ulitoka upindeni bila kumgusa mtu. Kisha ukaanza kubishana na nafsi yake. Uliyumba kulia, ukajirudi kushoto, ukatikisa mkia kama mlevi anayetafuta mlango, ukaanguka hatua ishirini mbele, ubavu chini. Kenge alikuwepo. Hakukohoa hata, alicheka moja kwa moja.

Syokau akarudi nyumbani na mshale wake, akaketi kando ya mama yake. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi uandame. Mbulwa akauchukua mshale, akaupapasa kwa vidole vile vya kusokota kamba.

"Unyoya huu unapinda huku," alisema. "Huu nao unapinda kule."

"Ni haki, mama. Kila bawa limetoa."

"Haki." Mbulwa akachukua nyuzi mbili za katani, akaziweka pajani, akausokota mmoja kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma, akazipatanisha. Zilifumuka palepale, zikalala kama vitu visivyojuana. Akazisokota tena, zote kwenda mbele. Zikakumbatiana zikawa kamba. "Haki waachie wazee wa barazani. Kitu kinachokwenda mbali kinataka kizunguke upande mmoja."

Syokau akauchukua tena mshale. Kisha akabandua manyoya yote, akachagua matatu ya bawa la kulia peke yake, akayabandika. Akatengeneza mshale wa pili kama ule. Roho ilimuuma kidogo kwa ajili ya bawa la kushoto, akaliahidi mishale mingine.

Siku ya mwezi kuandama kulipambazuka kwa wingu. Mizigo ilikuwa imefungwa. Kenge alizunguka mlangoni mwa Syokau. "Manyoya yakilowa yatanata kama nywele za mgonjwa," alisema, na hilo lilikuwa kweli, maana hata mwenye majivuno hubahatisha. Syokau hakubishana. Aliokota ile ngozi inayong'aa, akafunika nayo mdomo wa podo lenye ile mishale miwili, akaifunga kwa kamba ya mama yake, akashuka chemchemini huku manyunyu yakiteleza juu yake. Mkono wa Mbaluka ulikuwa bado umefungwa, hivyo Syokau akapiga mwenyewe.

Mshale ulitoka ukizunguka, umetulia kama mtu anayekwenda kwao. Ukatoboa sikio la kulia la Mbogo.

Mbogo akainua kichwa. Bahati, alisema moyoni. Na wao wanastahili moja. Mshale wa pili ukatoboa sikio la kushoto, mahali palepale.

Maumivu hayakumsumbua Mbogo. Ngozi yake ilikuwa imezoea miiba. Kilichomtia baridi ni kujua kwamba kuna mtu anayeweza kuchagua. Alitoka majini taratibu, kama mzee aliyekumbuka shughuli mahali pengine, akaelekea nyikani na hakurudi. Nyuma yake wanawake wakaanza kuzoa tope, na kufika alasiri maji yalikuwa yamesafika kiasi cha kuchota. Kibuyu cha kwanza kilikwenda kwa Mbulwa. Alionja, akasema yana ladha ya ng'ombe, akanywa yote.

Na tangu siku hiyo, masikio ya mbogo hulegea, na kingo zake zimechanika. Kenge akimwona mtu hutoa ulimi na kukimbia, asije akaulizwa habari za uji. Viota vya kanga havikuonyeshwa kwa mtu. Juu ya kumla kanga mwenyewe mapatano yake na Syokau hayakusema kitu, na ndiyo maana ndege huyo hupiga kelele namna ile akituona, anajilaumu.

Siku hizi yako mabawa ya plastiki, rangi zote, na wenye pinde za viwandani zilizochongewa pengo la mshale kupitia huyasifu, tena kwa haki: hayalowi. Lakini anayepitisha mshale juu ya ngumi yake mwenyewe bado anaokota manyoya. Na akienda kwa mchonga mishale humwuliza neno moja tu: bawa gani? Akijibiwa la kulia, hulipokea. Akijibiwa la kushoto, hulipokea vilevile. Akijibiwa kwamba yote mawili, ili kusiwe na lawama, huurudisha mshale kwa adabu, akaenda zake.