Zimwi la Mto na Blanketi la Rangi ya Mlima

Tegeni masikio, na mwenye kelele atoke nje! Hapo kale huko Uskochi, nchi ya mvua na kondoo, Mama Ishbel alikuwa na kiwanda cha kufuma sufu kando ya mto, kilicholisha kijiji kizima. Maji yalizungusha gurudumu, na gurudumu likaendesha mitambo.

Siku moja zimwi la mto likalishika gurudumu, mitambo ikasimama. "Nifumie blanketi la rangi ya mlima, la sivyo kijiji kizima kitalala njaa."

Ishbel akafuma la kijani. "Silo!" Akafuma la zambarau, kama maua ya mlimani. "Silo!" Akafuma la kijivu, kama ukungu. "Silo!"

"Umenichosha!" Ishbel akafoka. Akajitupia mablanketi begani, akalikamata zimwi sikio, akaliburuta hadi kileleni. "Haya, nionyeshe hiyo rangi!"

Zimwi likatazama. Jua likatoka, mlima ukawa kijani. Wingu likapita, ukawa kijivu. Upepo ukavuma, zimwi likatetemeka.

"Basi, mama, nipe lolote. Nasikia baridi."

"Lolote? Baada ya yote haya?"

Ishbel akasonya, akalifunika kwa yote matatu, akashuka kazini. Ngano yangu imeishia mlimani. Kurudi nyumbani ni juu yenu.