Pimbi, Fisi na Chokaa Iliyopungua

Paukwa!
— Pakawa.
Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Paukwa!
— Pakawaaa!
Haya, afadhali. Palikuwa na Pimbi na tanuri lake. Palikuwa na Fisi na tumbo lake.

Pimbi kazi yake ilikuwa kuchoma chokaa. Fisi, aliyetaka kupaka pango lake, akamletea mawe, mafungu mawili yenye uzito mmoja. "Hili lichome," akasema. "Hili la pili linabaki. Ukiniibia, mizani itakusema."

Pimbi akachoma. Vu-vu-vu! Moto ukawaka mpaka mawe yakawa meupe pe. Yalipopoa wakayapima na lile fungu lililobaki. Mawe, kidi! chini. Chokaa, juu!

"Mwizi!"

"Si wizi, bwana. Jiwe likiungua hutoa hewa. Hewa imepanda, imekwenda zake."

"Pima tena!"

Pimbi akapima tena. Mawe, kidi! Chokaa, juu!

"Pima tena!"

Jamani, huyu mnyama! Pimbi alichoka hoi. Akaokota kipande cha mkaa, akaandika juu ya mwamba:

JIWE → CHOKAA + HEWA

"Kushoto ulicholeta. Mshale ni kazi ya moto. Kulia kilichotoka. Kushoto na kulia uzito ni ule ule. Hakuna kilichopotea. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Hewa yangu iko wapi?"

Pimbi akafumba macho. "Imekwenda, bwana."

"Irudishe! Nataka uzito wangu wote, la sivyo nawala watoto wako sasa hivi." Akaketi mlangoni mwa shimo walimolala watoto wa Pimbi, udenda ukimtoka.

Hapo uchovu wa Pimbi ukageuka hasira, na hasira ikamletea akili. Akaandika tena:

CHOKAA + MAJI → CHOKAA ILIYOLOWA

"Tutaongeza maji mpaka uzito wako urudi. Kushoto na kulia, sawa?"

Fisi akaukagua mstari, neno kwa neno. "Sawa. Lakini safari hii huniibii ng'o! Naikalia mwenyewe." Akaondoka shimoni, akaingia kwenye karai la chokaa, akakaa pu!

"Umekaa vizuri?"

"Mimina!"

"Una hakika, bwana?"

"Mimina, usinichoshe!"

Eti usinichoshe! Pimbi akamimina. Chokaa ikanyamaza kidogo. Kisha tsss... bwata, bwata, bwata! Ikachemka kama uji jikoni.

"Uwiii! Matako yangu! Joto hukuliandika!"

"Ulidai uzito, bwana. Joto lina uzito gani? Lipime, nami nitaliandika!"

Fisi hakupima. Alitimka kwenda mtoni, fuu! Pimbi akaiweka chokaa kwenye mizani, akaongeza maji mpaka ikalingana na mawe sawasawa. Akaupaka mlango wa wanawe chokaa hiyo, ukang'aa.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Anayeona haikulingana aongeze upande wake. Funzo ni hili, watoto: ukiandika mlinganyo, andika kila kitu, usifiche hata kimoja. Pimbi alificha kimoja, ndiyo maana watoto wake wapo mpaka leo.