Mbegu Alizoleta Wifi

Mfukua mbegu hali mboga. Ndivyo mama yenu mdogo alivyomwambia jirani yake leo asubuhi, nanyi mkaja kuniuliza ni mjinga gani huyo aliyefukua mbegu alizozipanda mwenyewe. Hakuwa mjinga. Methali hii ilianza hivi.

Juu kwenye milima ya Taita aliishi mwanamke aliyeitwa Mkawasi. Alikuwa amekulia Voi, ambako baba yake alifanya kazi ya reli, na jembe hakuwa amelizoea. Aliolewa na Mwadime, fundi wa kuezeka nyumba, wakaishi boma moja na mama yake Mwadime, ambaye kwa uzee alikuwa amebaki na meno machache tu. Ng'ambo ya bonde alikaa dada yake Mwadime, Wakesho, pamoja na mume wake na watoto wao.

Mkawasi na Wakesho, wifi yake, hawakuwa na ugomvi wa kuonekana, lakini hawakuwa na mapenzi pia. Siku ya harusi, wageni wakiwa bado wanakula, Wakesho alisema kwa sauti kwamba kaka yake ameacha wasichana wanaojua kulima, akaenda kuchukua wa kukaa kivulini. Watu walicheka. Mkawasi aliyaweka maneno yale moyoni, na tangu siku hiyo chakula chochote kilichotoka kwa Wakesho alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akawamwagia kuku.

Mwaka mmoja, kiangazi kikielekea kwisha, Mwadime aliteleza kwenye paa akaanguka na kuvunjika paja. Akawa mtu wa kulala. Mboga walizokuwa wakinunua sokoni hazikununulika tena. Maharage yalikuwepo, lakini mama mkwe hakuweza kuyatafuna, na ugali mkavu ulimkaba. Alikuwa akimega mara mbili tatu, anasogeza sahani. Mkawasi alimwona akikonda, akaona kwamba hakuna jingine ila kulima bustani nyuma ya jiko.

Alianza peke yake. Aliondoa mawe, akavunja udongo uliokuwa umeshikana kama tofali, akachanganya na samadi ya mbuzi. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, akafunga vitambaa akaendelea. Mvua za vuli zilipogusa ardhi, tuta lilikuwa tayari. Mbegu ndizo hakuwa nazo.

Siku hiyohiyo Wakesho alivuka bonde akiwa na kibuyu. Ndani mlikuwa na mbegu za kunde na za maboga, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Alikiweka kibuyu mlangoni, mbele ya mama yake.

"Nimesikia unalima, wifi," alisema. "Panda hizi mapema, mvua isije ikakuacha."

Mkawasi asingeweza kukataa huku mama mkwe akitazama. Alishukuru, akapanda.

Jioni akaja jirani mmoja, Malemba, kuomba kaa la moto. Alipoambiwa mbegu zimetoka wapi, alimtazama Mkawasi.

"Kwa Wakesho?" alisema. "Juzi nilipita kwake. Jiko zima lilikuwa linanukia mbegu za maboga, anakaanga."

Alichukua kaa lake akaenda zake. Lakini Mkawasi alibaki na jambo la kufikiria. Mbegu iliyokaangwa haioti, na yale majivu yangeweza kuficha rangi yake. Akajiona tayari nyuma ya tuta tupu, watu wakicheka kama walivyocheka siku ya harusi.

Asubuhi alichimba kwa kidole akatoa mbegu moja. Ilikuwa vilevile alivyoizika. Kesho yake akachimba mahali pengine. Mbegu ilikuwa imevimba, akasema imevimba kwa maji, inaoza. Siku zilizofuata hakupita nyuma ya jiko bila kuinama. Mwadime alimwita kutoka kitandani, akamsihi aache. Alimjibu kwamba anang'oa magugu.

Mwishowe hakuweza kuvumilia. Alichukua jembe akalipindua tuta lote, apate ushahidi wa kumwonyesha mume wake. Ndipo alipoona mizizi myeupe, myembamba, na vishina vilivyopinda vikitafuta njia ya kutokea. Karibu vyote vilikuwa vimekatika kwa jembe lake.

Alikuwa bado amepiga magoti pale Wakesho alipotokea, amebeba fito za kuzungushia bustani, kuku wasiingie.

"Unafanya nini, wifi?"

Mkawasi hakuinuka. "Nilikuwa natafuta mbegu ulizozikaanga."

Wakesho alitua fito. Alichuchumaa upande wa pili wa tuta, akaokota kunde moja, akaigeuza kiganjani.

"Nani amekuambia nimezikaanga?"

"Jiko lako lilinukia."

"Nilikaanga za watoto kutafuna. Hizi nilizichagua moja moja." Akaiweka ile kunde chini taratibu. "Zilikuwa zinatoka. Kesho au keshokutwa ungeziona."

Mkawasi alikuwa akijaribu kuvifukia vile vishina kwa vidole, kimoja baada ya kingine, na Wakesho hakumzuia.

"Siku ya harusi ulinisema mbele za watu," Mkawasi alisema.

"Nilikusema, nikakosa. Nimekuja hapa mara nyingi nikitaka kukuambia hivyo. Lakini kila nikija unanikaribisha vizuri mno, mpaka naondoka sijasema kitu. Nikaona nilete mbegu."

Mkawasi aliacha kufukia. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye udongo.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mlango wa jikoni, na yote aliyasikia. Hakukemea. Alisema kama mtu anayesema kwamba leo kuna mawingu:

"Mfukua mbegu hali mboga."

Wakesho alikuwa amebakiza mbegu chache nyumbani. Walizipanda pamoja, lakini vuli ya mwaka huo ilikatika mapema, na kilichoota hakikujaza sufuria. Msimu ule wote mama mkwe alikula mboga za bustani ya Wakesho, akapata nguvu. Mkawasi ndiye aliyevuka bonde kuzifuata. Mara ya kwanza alipofika, Wakesho alimpakulia majani ya kunde na ugali. Mkawasi alinawa, akala mpaka sahani ikawa tupu, akaomba aongezewe.

Alipokuwa akirudi na kikapu kichwani, watu walimuuliza njiani kwa nini abebe mboga za mbali naye ana tuta nyuma ya jiko lake. Hakutafuta kisingizio. Aliwajibu kwa maneno ya mama mkwe wake, nao wakayachukua, wakaenda wakiyasema kwingine. Wengi walidhani anazungumzia kunde.

Mfukua mbegu hali mboga.