Bata Bukini Aliyekwenda Kuomba Moto

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti tatu, na moja ni ya mbuzi. Mnaotafuna mahindi huko nyuma, mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tupo. Hapo zamani za kale, mbali sana kaskazini, kwenye milima ya kusini mwa nchi ya Poland, paliishi bibi mchungaji aitwaye Jagna. Msiniulize Poland nilifika lini. Korongo ndiye aliyenisimulia, yule anayekuja huku kila mwaka kula panzi wetu bila hata kubisha hodi.

Bibi Jagna alikuwa na kondoo arobaini, kibanda cha magogo, na malisho mazuri aliyoachiwa na mama yake. Kila siku alikamua, akatengeneza jibini, akaitundika juu ya jiko ikauke kwa moshi. Na wachungaji wa milima ile walikuwa na mwiko wao. Moto uliowashwa siku ya kupanda mlimani na kondoo hauzimwi mpaka siku ya kushuka, theluji ikikaribia. Ukizimika, huwashi mwingine. Unakwenda kuuomba penye moto ulio hai. Kibanda kikikaa siku tatu bila moshi, wazee wanakuja, na malisho wanapewa watu wengine.

Siku moja ya mvua, Bibi Jagna alikwenda kumtafuta kondoo aliyepotea, akamwachia moto mbwa wake, Burek. Aliporudi, jiko lilikuwa baridi na Burek anakoroma.

"Burek, umelala."

"Sikulala, bibi. Nilikuwa nafikiri, nikafumba macho ili nifikiri vizuri."

Bibi Jagna akaketi kwenye gogo, akalia. Akinyang'anywa malisho, kondoo watauzwa, naye na uzee wake atakwenda kuosha masufuria ya watu bondeni. Alilia kwa uchungu hasa, na hata Burek akaacha kujitetea.

Moto pekee waliojua kuwa u hai ulikuwa kwenye kibanda cha malisho ya Mokrina, upande wa pili wa milima. Burek akasema, "Nitakwenda mimi, jioni nimerudi." Mbuzi wa majabali, aliyekuja kuomba chumvi ya kulamba, akasema, "Akishindwa huyu, kesho nipo mimi. Mimi narukia kilele hadi kilele." Na Bata Bukini wa Bibi Jagna, mnene, mwenye maneno mengi, akasema, "Mimi naanza leo."

Walicheka mpaka mbuzi akakaa chini.

"Wewe bata, ukifika Mokrina theluji itakuwa imeshaanguka."

Bata akanyoosha shingo. Akafungiwa kijungu cha majivu shingoni, akashika njia ya mabondeni. Njia ile watu waliiacha kwa sababu inapinda kila mahali na haina haraka ya kufika.

Burek alishika njia kuu ya juu, inayofuata mgongo wa mlima. Mbio, mbio, mbio, akafika Mokrina. Akapewa kaa la moto kwenye kijungu chake, akauma mpini. Mbio, mbio, mbio, akageuka. Upepo ukalipuliza lile kaa, nalo likawaka kwa furaha, likajila lenyewe, likaisha kabla ya nusu ya njia. Jioni akaweka kijungu mbele ya bibi, mna majivu matupu.

Siku ya pili akaenda mbuzi. Ruka, ruka, ruka, akafika Mokrina. Ruka, ruka, na ya tatu kijungu kikapinduka, kaa likaangukia kijito, likasema "chwii". Akarudi na kijungu kitupu na sababu kumi na mbili.

Na bata je? Twende naye, lakini msimwambie aharakishe, mimi nimejaribu.

Katika mabonde yale mlikuwa na vijiji vya nyumba nne, tano, ambavyo hata watu wa mlima wa pili hawavijui majina. Kwenye nyumba ya kwanza Bata akabisha. "Hodi wenyewe. Napita tu, sikai." Akakaa. Akapewa viazi na maziwa ya mgando, akaambiwa nani kaoa na ng'ombe wa nani kazaa. Nyumba ya pili, "Hodi wenyewe. Napita tu, sikai." Akakaa. Nyumba ya tatu, "Hodi wenyewe. Napita tu, sikai." Huko alilala kabisa.

Kesho yake akafika Mokrina, akapewa kaa, wakalifukia vizuri ndani ya majivu. Akageuka, mwendo wa bata, huku na huku. Alipofika nyumba ya karibu kaa lilikuwa limebaki kama njugu. "Jamani, moto wako unakufa," akasema mwenye nyumba, akachota kaa nono jikoni mwake, akalitia kijunguni. Nyumba iliyofuata wakafanya hivyo hivyo. Na iliyofuata vivyo hivyo. Bata hakuomba. Mgeni uliyekula naye viazi humwachi aondoke na moto unaokufa.

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, wazee watatu wakafika kwa Bibi Jagna. Mkubwa wao alikuwa Mzee Walenti, mtu wa haraka, hata chakula alikula amesimama. Akatazama paa, hakuna moshi.

"Pole, Jagna. Mwiko ni mwiko."

Bibi Jagna akaanza kuwavua kengele kondoo ambao sasa watauzwa, mmoja mmoja. Alikuwa amefika kwa wa saba aliposikia "kwaa" nyuma ya kibanda. Bata huyo, matope mpaka tumboni. Kaa likatiwa jikoni, vijiti vikawekwa, moshi ukapanda.

"Ngoja kwanza," akasema Mzee Walenti. "Moto huu wa wapi?"

"Mokrina, mzee."

"Haiwezekani," akadakia Burek, akidhani anasaidia. "Kaa la Mokrina halifiki. Mimi ninajua."

Bibi Jagna akamtazama mbwa wake kwa macho ambayo sitayaeleza.

"Kweli, la Mokrina liliisha njiani," akasema Bata. "Hili nimetiliwa mchana huu, nyuma ya msitu, na mama mmoja mwenye goti bovu. Jina lake Bronka. Anasema moto wake ni wa marehemu mama yake, haujazimika hata siku moja. Anasema pia ana kaka upande huu, huu mwaka wa tisa hajamwona. Akiuliza, anaambiwa kapita njia ya juu, ana haraka."

Wazee wengine wawili wakamtazama Mzee Walenti, kisha wakaangalia viatu vyao. Mzee Walenti akapiga magoti mbele ya jiko, akanyoosha mikono, akakaa hivyo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa popote. Machozi yakamtoka naye hakuyaficha.

"Moto huu u hai," akasema. "Jagna, wavishe kondoo kengele zao."

Asubuhi akamwomba Bata amwonyeshe njia. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamefika. Miaka tisa yote ile, palikuwa mwendo wa asubuhi moja. Bronka akafungua mlango, akamtazama kaka yake kuanzia kofia mpaka viatu.

"Pangusa miguu," akasema. "Nimepiga deki."

Hadithi yangu imeishia hapo. Waliyozungumza mlango ulipofungwa ni yao wawili.